Geti la chuma: ununue vyuma mwenyewe au umwachie fundi kazi yote?

Anayeagiza geti kwa fundi wa kuchomelea ana njia mbili: kununua vyuma mwenyewe na kulipia ufundi tu, au kumkabidhi fundi kazi nzima kwa bei moja. Njia ya kwanza hukuhakikishia unene, kwa kuwa bomba la mraba la milimita 1.2 likishapakwa rangi ni vigumu kulitofautisha kwa macho na la milimita 1.5, ingawa usafiri na vipande vinavyobaki huwa juu yako. Ya pili hukupunguzia usumbufu. Tena kipimo kikikosewa, hasara ni ya fundi, jambo ambalo kwangu lina uzito zaidi, mradi mapatano ya maandishi yataje unene wa chuma na ukague maungio kabla hayajapakwa rangi ya kuzuia kutu.