Kuajiriwa, kufundishwa, kubaki: tathmini ya huduma anazopata mwalimu mpya katika shule za milimani Rungwe

Nimekuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika Wilaya ya Rungwe kwa miaka kumi na mmoja, na katika muda huo nimepokea walimu wapya kumi na wanne na kuwaaga tisa kati yao. Tathmini hii naiandika kwa ajili ya walimu wakuu wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini, na pia kwa vijana waliomaliza vyuo ambao wanasubiri kupangiwa vituo na wangependa kujua kinachowangoja. Huduma ninayoipima ni ile ambayo Serikali inampa mwalimu katika hatua tatu, yaani kumwajiri, kumwendeleza akiwa kazini, na kumwezesha kubaki pale alipopangwa. Hatua ya kwanza naipa alama sita katika kumi, ya pili nane, na ya tatu, kwa uchungu, naipa tatu.

Kuhusu ajira nitasema machache. Zamani mwalimu alipangiwa kituo moja kwa moja baada ya kuomba kupitia mfumo wa TAMISEMI, yaani ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa, lakini sasa anaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma na anafanya usaili kama watumishi wengine. Nafasi 14,648 zilizofanyiwa usaili mwanzoni mwa mwaka 2025 ziligombewa na vijana wengi mno, na baadhi yao walikuwa wamemaliza chuo miaka mingi iliyopita na wamekuwa wakijitolea shuleni kwa posho ndogo inayotokana na michango ya wazazi. Nauona usaili kuwa jambo jema kwa sababu mwalimu anayefika kwetu sasa anafika akiwa amejiandaa, lakini ninasikitika kwamba miaka ya kujitolea haina uzito unaostahili mbele ya karatasi ya maswali. Kijana aliyeshika darasa la kwanza lenye watoto tisini kwa miaka mitatu bila mshahara amekwisha kufanya usaili wake mbele ya watoto hao.

Kinachonifanya nipunguze alama ni siku za mwanzo baada ya kuripoti. Mtumishi mpya ana haki ya kulipwa nauli na fedha za kujikimu ili aweze kuishi hadi mshahara wa kwanza utakapoingia. Kuna mwalimu mmoja aliyefika kwangu mwezi Machi, katikati ya masika, akiwa na begi moja, godoro lililofungwa kwa nailoni na mtungi mdogo wa gesi, baada ya bodaboda kumshusha chini ya mlima kwa sababu ya utelezi. Halmashauri iliyomwajiri, ambayo sitaitaja, ilimwambia fedha zake zingetoka wiki inayofuata. Zilitoka baada ya miezi minne. Kwa kuwa taarifa zake zilichelewa pia kuingizwa katika mfumo wa mishahara, mwalimu huyo aliishi miezi miwili ya kwanza kwa ndizi na maharage ya majirani na kwa fedha nilizomkopesha mimi.

Naomba msomaji aelewe fedha hizo zilitoka wapi. Ruzuku ya uendeshaji, ambayo ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka na ambayo sehemu yake hubaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu, ina mafungu yake na hairuhusiwi kumlisha mwalimu. Nilichotumia ni posho yangu ya madaraka, shilingi 200,000 kwa mwezi, ambayo walimu wakuu tulianza kulipwa mwaka 2016 pamoja na ujio wa elimumsingi bila malipo. Posho ile ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa ambayo Serikali imewafanyia walimu wakuu, na ninaishukuru. Hata hivyo haikuwekwa iwe mfuko wa dharura wa watumishi wapya, na wenzangu wengi wa Busokelo, Ileje na Makete wananiambia kwamba wanaitumia hivyohivyo.

Sasa nije kwenye mafunzo kazini, eneo ambalo nitalisema kwa furaha. Mimi mwenyewe nilifundishwa kusoma na mwalimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mmoja wa vijana waliomaliza darasa la saba na kuandaliwa ualimu wakiwa kazini wakati nchi ilipoamua kila mtoto aingie shule. Baadaye niliwaona walimu wa leseni, wale ambao watu waliwaita Vodafasta, wakitoka kidato cha sita na kupelekwa katika shule za sekondari za kata baada ya mafunzo ya wiki chache. Sitawabeza hata kidogo, kwa sababu waliziba pengo ambalo hakuna mwingine angeliziba. Ninachokumbuka ni kwamba baada ya kuingia darasani hakuna aliyewafuata. Aliyebahatika alichaguliwa kwenda semina Mbeya mjini, akarudi na jalada na cheti cha kuhudhuria, na jalada hilo likaingia kabatini.

Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, yamebadilisha mwelekeo huo. Yanaratibiwa kwa miongozo na moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania, lakini yanafanyika shuleni penyewe, katika jumuiya za ujifunzaji ambazo walimu wa shule moja au za jirani wanakaa pamoja kwa ratiba na kujadili kinachowashinda, wakiongozwa na mwenzao. Sisi tunakaa kila Jumatano saa nane na nusu, katika chumba cha darasa la pili, juu ya madawati ambayo magoti yetu hayatoshi chini yake.

Nitaeleza kikao kimoja tu. Mwalimu wa hisabati wa darasa la tatu alileta madaftari kumi na mawili na kuyapanga mezani, yote yakiwa wazi kwenye swali moja, 52 kutoa 37. Watoto tisa walikuwa wameandika 25. Kwa miaka mingi tungeweka alama ya kosa na kusema watoto hawajui kutoa. Siku ile tulikaa karibu saa nzima tukiuliza 25 imetoka wapi, hadi mwalimu kijana wa mwaka wa kwanza kazini aliposema kwamba watoto wanatoa namba ndogo kutoka kubwa bila kujali ipi iko juu, kwa hiyo wanachukua 7, wanatoa 2, wanapata 5, kisha 5 kutoa 3 wanapata 2. Tukatoka nje, tukakata vijiti, tukavifunga kumikumi kwa kamba za mgomba, tukabakiza viwili peke yake. Kesho yake watoto wenyewe walifungua fungu moja ili wapate vijiti vya kutosha kutoa saba, na nilimwona mtoto mmoja wa kike akihesabu vilivyobaki, akahesabu tena, kisha akafuta 25 yake kwa mate na kidole na kuandika 15. Semina ya Mbeya mjini haikuwahi kunipa kitu kama hicho.

Faida ya mpango huu imeonekana zaidi tangu Januari 2024, mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika katika elimu ya awali, darasa la kwanza na la tatu. Muhtasari mpya wa somo ukija bila mahali pa kuulizana, kila mwalimu anautafsiri anavyoweza, na mtoto anayehama kutoka Tukuyu kwenda Kiwira anakutana na somo lingine kabisa. Sisi tuliupitia mada kwa mada kabla ya kuandika azimio la kazi, yaani mpango wa kufundisha wa muhula.

Alama mbili nilizozuia zina sababu. Moduli zinapatikana kwa kishikwambi, na vishikwambi tulipewa baada ya Sensa ya mwaka 2022, jambo ambalo lilitusaidia sana, lakini bando analinunua mwalimu kwa fedha yake na mtandao katika bonde letu unapatikana ukisimama karibu na mlingoti wa bendera. Pia shule yenye walimu watano haiwezi kuunda jumuiya ya somo, kwa hiyo walimu wake lazima watembee hadi shule ya jirani au kituo cha walimu, na huku kwetu jirani maana yake ni kuvuka mto na kupanda ng'ambo. Nauli ya safari hiyo inapaswa kuwa sehemu ya mpango. Aidha, nguvu kubwa ya mafunzo haya inatokana na mradi wa BOOST, ambao ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500 za Kimarekani kwa ajili ya elimu ya awali na msingi, na sehemu kubwa ya fedha zake hutolewa kadiri matokeo yanavyothibitishwa. Utaratibu huo naukubali. Ninachoomba ni kwamba halmashauri zianze mapema kuweka fungu la mafunzo kazini katika bajeti zao za kila mwaka, kwa sababu mradi una mwisho na darasa la tatu litaendelea kuwa na watoto wanaoandika 25.

Hatua ya tatu ndiyo inayonikosesha usingizi. Mwalimu wa stashahada anaanza na daraja lilelile la mshahara awe katikati ya jiji la Mbeya au juu Kitulo ambako mwezi Julai nyasi zinaamka na barafu. Ongezeko la kima cha chini cha mshahara la asilimia 35.1 lililoanza Julai 2025 limeleta nafuu, na kupandishwa madaraja kumerudi kwenye mwendo baada ya miaka ya kusimama, lakini hakuna kati ya hayo kinachomfanya mtu achague mlima badala ya mji. Kati ya walimu tisa walioondoka kwangu, mmoja tu alilalamikia mshahara. Watatu walihama kuwafuata wenza wao, jambo ambalo ni haki yao, na watano wengine walitaja nyumba.

Shule yangu ina walimu kumi na moja na nyumba mbili, moja ikiwa ya mwaka 1978 yenye bati lililoliwa na kutu kiasi kwamba mvua ikianza mwalimu anasogeza kitanda kabla hajasogeza sufuria. Wengine wamepanga vyumba kijijini au wanapanda bodaboda kila siku kutoka Tukuyu, na mwalimu anayefika saa mbili na nusu akiwa amelowa hana vipindi vya asubuhi. Uhamisho sasa unaombwa kwa mfumo wa kielektroniki, kwa hiyo kuondoka kumekuwa rahisi kuliko kupata mahali pa kulala. Fedha za madarasa mapya tumezipata, na madarasa ni mazuri. Ningependa kila mpango unaoleta darasa ulete na nyumba ya familia mbili pembeni yake, kwa kuwa darasa lisilo na mwalimu wa kudumu linageuka ukumbi wa vikao vya kijiji.

Wazazi wa hapa hawakungoja. Walifyatua matofali, wakabeba mawe kutoka mtoni, wakasimamisha boma la nyumba ya familia mbili hadi kwenye lenta. Tangu hapo limesimama misimu miwili ya mvua, na ukuta wa upande wa kusini umeanza kuota kuvu. Orodha ya kinachohitajika, yaani bati, mbao za kenchi, saruji ya sakafu na milango sita, iliwasilishwa halmashauri kupitia Afisa Elimu Kata. Mwalimu aliyefika na mtungi wa gesi, ambaye ndiye aliyeleta madaftari yale kumi na mawili, anatimiza miaka mitatu kazini Machi ijayo na ameniuliza mara mbili kama boma litaezekwa kabla ya hapo.