Kijitabu cha masomo ya Dominika Mwaka C, nimekitumia mwaka mzima

Wenzangu wa jumuiya (kikundi chetu cha sala cha Wakatoliki majirani) wameniuliza sana hiki kijitabu ninachokuja nacho kila Jumamosi, ngoja nieleze hapa. Nilikinunua elfu tano duka la parokia kabla ya Majilio (zile wiki za kungoja Noeli, mwaka wa Kanisa unapoanza) ya mwaka jana, nimeenda nacho mpaka Kristo Mfalme, Dominika ya mwisho ya mwaka huo, na jalada limeshaachia.

Ndani kuna masomo ya Dominika zote za Mwaka C (masomo yanazunguka miaka mitatu, A, B na C, na C ndo mwaka wa Injili ya Luka), somo la kwanza, wimbo wa katikati yaani zaburi, somo la pili, shangilio na Injili, vyote kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Hapo ndo kilinishika. Miaka yote somo la kwanza lilikua linanipita tu kanisani, akili inatulia ikifika Injili, sikujua kumbe mara nyingi linachaguliwa liendane na hiyo Injili (Pasaka ndo tofauti, mnasoma Matendo ya Mitume). Chukua Dominika ya 28, ile ya Oktoba. Naamani jemadari wa Shamu, aliyekua na ukoma, ameibuka Yordani ngozi kama ya mtoto mchanga, anarudi kwa nabii Elisha kushukuru, halafu anaomba udongo, mzigo wa nyumbu wawili, aende nao kwao. Ukitupa macho ukurasa wa pili ni Luka 17, wakoma kumi wamepona karudi mmoja, Msamaria. Yaani wote wawili waliorudi ni wageni! Nilisoma Alhamisi usiku nikashindwa kulala mapema. Jumamosi nikasema hayo kwenye jumuiya, bibi mmoja akasema yeye kimemgusa ule udongo, kwamba hata yeye angejua hatarudi tena kwao angebeba kidogo. Tukakaa kimya wote.

Somo la pili lenyewe usilazimishe lifanane na mengine, kipindi cha kawaida (nje ya misimu kama Majilio na Pasaka) linafuata waraka wake wiki kwa wiki, mimi nilihangaika mpaka katekista akanielewesha.

Sasa mapungufu. Maandishi ni madogo mno, nadhani ni kwa ajili ya kubana kurasa mbili, wazee wetu hawawezi kusoma na jumuiya nyingi wazee ndo wanaowahi kufika. Kuna Dominika mbili viitikio vya zaburi vimebadilishana, wachapaji walitakiwa kupitia tena, hili ni Neno. Na tafakari zao ni fupi sana, hiyo ya Naamani imesema tuwe watu wa shukrani basi, ule udongo hata hawajaugusa. Halafu beba na Biblia, maana somo linaanza 2 Wafalme 5:14, yule binti mtumwa aliyesema habari za nabii na Naamani alivyokasirika kuambiwa akaoge Yordani vyote viko mistari ya juu, ndivyo masomo yalivyopangwa sio kosa la kijitabu ila wangeweka hata mstari mmoja wa kukumbusha.

Kabla yake nilikua natumia programu ya simu, kwa masomo ya kila siku bado naitumia, ila ukiwa nayo katikati ya sala meseji zinaingia na bando likiisha umebaki mikono mitupu.

Kwa ambaye hana kinunue, cha Mwaka A kimeshafika dukani, tunaingia kwa Mathayo. Changu cha Mwaka C sikitupi wala siazimishi, pembeni nimeandika yote waliyosema wenzangu, pamoja na ya yule bibi, na Luka anarudi Majilio ya 2027.