Implanti za meno Arusha na Moshi: pesa yako inanunua nini

Ukiulizia implanti Arusha au Moshi, mara nyingi utatajiwa bei moja kwa jino, basi. Usikubali kabla hujajua inabeba nini. Implanti ni vipande vitatu: skrubu ya titani inayozama kwenye mfupa wa taya, kiungo kinachofungwa juu yake, na kofia ya kauri inayoonekana kama jino. Wakati mwingine bei uliyotajiwa ni ya skrubu pekee. Omba karatasi inayotaja kila kipande, pamoja na picha, mfupa wa kuongezea na kofia ya muda.

Hatua ya picha ya taya ndiyo tunayoipa uzito mkubwa kuliko zote. Eksirei ya panorama inaonyesha kimo cha mfupa lakini haionyeshi unene wake. Skrubu ya kipenyo cha milimita 4 inahitaji mfupa mnene kiasi cha milimita 6, ikae angalau milimita 1.5 kutoka mzizi wa jirani, na milimita 2 juu ya mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. Vipimo hivyo vinapatikana kwenye picha ya CT, eksirei inayoonyesha mfupa kwa pande zote. Ukiambiwa mfupa wa magego ya chini utatobolewa kwa kutegemea panorama tu na mfupa wako ni mfupi, ahirisha. Hakikisha pia daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika.

Siku ya upasuaji, ganzi ya kawaida inatosha. Jino moja lenye mfupa mzuri huchukua kama saa moja. Kinachopaswa kuonekana ni maji ya chumvi yaliyo safi yakimiminika mfululizo kwenye ncha inayotoboa, na ncha zikibadilishwa kutoka nyembamba kwenda nene. Mfupa ukifika nyuzi joto 47 za Selsiasi kwa dakika moja, seli zake huanza kufa, na skrubu iliyopandwa kwenye mfupa uliokufa haishiki. Ncha butu na haraka ndivyo vinavyochoma mfupa.

Uvimbe hufika kileleni siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Nyuzi za mshono hutolewa baada ya siku 7 hadi 10. Mtori uliopoa ni chakula kizuri wiki hiyo. Makande na mahindi ya kuchoma yasubiri. Mdomo au kidevu kikibaki na ganzi siku ya pili, mpigie daktari saa hiyo hiyo: huenda skrubu inabana mshipa wa fahamu, na kuchelewa kuitoa kunapunguza uwezekano wa kupona.

Baada ya hapo ni kungoja. Taya la chini kwa kawaida miezi 3, la juu 4 hadi 6, kwa sababu mfupa wa juu ni laini zaidi. Ukiongezewa mfupa, muda unarefuka. Ahadi ya jino kamili la kutafunia ndani ya wiki moja kwa kila mgonjwa ni ya kutiliwa shaka.

Rangi ya kofia ndiyo hatua inayohitaji uangalifu wa pekee huku kwetu. Maji ya maeneo mengi yanayozunguka Mlima Meru yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na wengi waliokulia huko wana meno yenye madoa ya kahawia. Vibao vya rangi vya maabara havina jino la namna hiyo. Kofia nyeupe tupu katikati ya meno ya mbele yenye madoa itaonekana ng'ambo ya barabara. Daktari makini hupiga picha za meno ya jirani kwenye mwanga wa mchana, huzituma maabara, na kofia hujaribishwa kinywani kabla ya kufungwa moja kwa moja. Kama unataka kung'arisha meno, fanya hivyo kwanza, kwa kuwa kauri haibadiliki rangi tena.

Tunapendelea kofia inayofungwa kwa skrubu kuliko ya gundi. Gundi ikibaki chini ya fizi huleta uvimbe na usaha, na mfupa huanza kuliwa. Ya skrubu hufunguliwa, ikasafishwa, ikarudishwa. Ikianza kucheza, usiendelee kuitafunia: mara nyingi ni skrubu ndogo ya kiungo iliyolegea, kazi ya dakika chache, lakini ikivunjika ndani ni taabu kubwa. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huongeza hatari ya implanti kuharibika. Kliniki isiyokuuliza habari zake haijakukagua.

Mwisho, usitoke bila kadi yenye stika ya kiwanda: jina la implanti, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Bisibisi ya kiwanda kimoja, kama Straumann, si lazima ifunge implanti ya kiwanda kingine, kama Osstem. Bila kadi hiyo, daktari mwingine, awe Moshi, Dar es Salaam au Nairobi, atabaki kubahatisha kipande kipi kinaingia.