Stiki ya gemu ya HDMI: ipime kwa nyigu wa Sonic kabla hujalipa

Boksi linatangaza gemu 10,000. Ukilifungua unakuta stiki ya kuchomeka kwenye tundu la HDMI la runinga, pedi mbili zisizo na waya, kipokezi kidogo cha USB cha kunasa mawimbi ya pedi, waya wa umeme, kipande cha kurefushia HDMI na memori kadi ya GB 64 ambayo tayari imo ndani. Betri za pedi, mbili za AAA kwa kila moja, mara nyingi unajinunulia mwenyewe. Bidhaa yenyewe haina jina la kutegemea. Stiki mbili zenye boksi la rangi moja zinaweza kuwa na vitu tofauti kabisa tumboni, kwa hiyo sifa za stiki ya jirani hazikuhakikishii yako.

Idadi ya gemu isikuvute. Gemu ile ile hurudiwa kwa majina mawili matatu ili orodha iwe ndefu. Kinachotenganisha stiki nzuri na mbovu ni muda unaopita kati ya kidole kubonyeza na mchezaji kuruka kwenye skrini. Boksi haliandiki muda huo, na gemu za mpira huuficha, maana mchezaji wa mpira akichelewa kidogo kupiga pasi hakuna anayegundua. Wadudu wa gemu ya Sonic hawaufichi. Ndiyo maana kipimo chote hapa chini kimejengwa juu yao.

Sonic the Hedgehog ya Sega ilitoka mwaka 1991 kwa ajili ya Mega Drive, mashine ya gemu ya kampuni hiyo hiyo. Unamchezesha Sonic, mnyama wa bluu mwenye mbio. Adui mkuu, Dkt. Robotnik, amewafungia wanyama wadogo ndani ya mashine, na mashine kadhaa ameziunda kwa umbo la mdudu. Ukiivunja, mnyama anatoka mzima na kukimbia zake. Motobug ni mdudu mwekundu wa gamba la duara anayetembea kwa gurudumu moja. Buzz Bomber ni nyigu. Caterkiller ni kiwavi mwenye miiba mgongoni. Kila mmoja anakamata kosa lake kwenye kifaa.

Kwanza hesabu, ili ujue unachokitafuta. Gemu hii huchora picha 60 kwa sekunde, na skrini yake ina upana wa nukta 320, vile vidoti vinavyounda picha. Sonic akikimbia kwenye ardhi tambarare kwa kasi yake kamili ya kawaida, husogea nukta 6 kwa kila picha. Motobug akija upande wake husogea nukta 1. Sonic hukaa katikati ya skrini au karibu na hapo, kwa hiyo mdudu anayetokea ukingoni yuko kama nukta 160 mbele yake. Gawanya 160 kwa 7: una picha 23 hivi, chini ya nusu sekunde, za kumwona mdudu, kuamua na kubonyeza. Stiki inayochelewa picha 6 imekula robo nzima ya muda huo kabla hujafanya kosa lolote. Mtoto atalaumiwa kuwa hajui kucheza, kumbe kifaa ndicho kinachelewa.

Sasa dukani. Dakika kumi zinatosha, na muuzaji mwaminifu hatakataa. Anza na runinga, kabla ya stiki. Runinga nyingi za flati huwa na mapambo ya picha yaliyowashwa ili rangi zing'ae, na mapambo hayo huchukua muda kuchakata kila picha. Mwambie muuzaji: "Kaka, samahani, iweke kwanza kwenye hali ya gemu." Hali hiyo imo kwenye menyu ya picha ya runinga nyingi. Usipofanya hivyo utaikataa stiki nzuri kwa kosa la runinga. Nyumbani pia fanya vivyo hivyo.

Fungua Sonic ya kwanza, eneo la Green Hill. Mtafute Motobug. Kimbia kuelekea kwake, halafu achia mshale wa mbele na ubonyeze chini ukiwa bado kwenye mwendo. Sonic anatakiwa ajikunje mpira na kumpasua. Asipojikunja, mshale wa pedi hausomi chini vizuri. Au kuna kosa la pili la mshale: unabonyeza chini tu, lakini raba ya ndani inagusa pande mbili kwa pamoja, na gemu haimkunji Sonic wakati kulia au kushoto kumebonyezwa. Pedi ya namna hiyo haitengenezeki kwa kuzoea. Omba nyingine, na pima zote mbili, maana pedi ya pili ndiyo mara nyingi hupewa mdogo mtu bila kuangaliwa.

Nyigu ndiye mwamuzi. Buzz Bomber huruka nukta 4 kwa kila picha, yaani anavuka skrini nzima kwa sekunde moja na theluthi. Akikukaribia husimama hewani kama nusu sekunde, kisha hupiga risasi moja ya mshazari kuelekea chini. Kusimama kule ndiko dirisha lako. Mchezaji wa kawaida, kwenye kifaa kizuri, akiruka pale nyigu anaposimama humfikia kabla risasi haijatoka au ndiyo kwanza inatoka. Jaribu mara tano, kwa manyigu tofauti. Ukimpata mara nne, stiki inafaa. Ukiona kila mara unaruka huku risasi imeshakufikia, na runinga iko kwenye hali ya gemu, rudisha stiki kwenye boksi.

Nyigu huyo huyo anapima kitufe. Mrukie ili umshukie kutoka juu, na usikiachie kitufe cha kuruka. Ukikishikilia, Sonic hudunda juu kwa nguvu ile ile aliyoshukia nayo. Ukikiachia, mdundo unakatwa, anapanda kidogo tu. Hivyo ndivyo gemu ilivyoandikwa. Kwa hiyo kama umekishikilia kwa nguvu na mdundo bado ni mfupi, kitufe kinakatika chenyewe ndani, au mawimbi ya pedi yanadondoka. Badilisha betri kwanza. Tatizo likibaki, ni pedi. Mdundo huu una faida yake ya alama pia: adui wa kwanza ni alama 100, wa pili kabla hujagusa ardhi 200, wa tatu 500, wa nne 1,000. Safu ya manyigu wawili watatu angani ni ngazi kwa anayejua kukishikilia kitufe.

Kiwavi anapatikana eneo la pili, Marble. Kufika huko bila kucheza Green Hill yote, kwenye skrini ya jina bonyeza juu, chini, kushoto, kulia. Utasikia mlio wa pete, ule wa kuokota pete za dhahabu njiani. Kisha shikilia A ubonyeze Start, orodha ya maeneo itafunguka. Kama mlio umesikika lakini orodha haifunguki, jua vitufe vya pedi hii vimepangwa tofauti na vya Mega Drive, na kinachoitwa A kimeandikwa herufi nyingine. Jaribu kila kimoja ukishikilia na kubonyeza Start.

Caterkiller si wa kujikunjia. Mwili wake wote ni miiba, kichwa peke yake ndicho kinachopigika, na hata ukikipata, vipande vya mwili hutawanyika vikirukaruka na kila kimoja kinaumiza. Namna yake ni hii: simama mbele yake, mwache aje, ruka umshukie kichwani, na ukishadunda vuta mshale kurudi ulikotoka ili vipande vipite. Anatembea kwa kujikunja na kujinyoosha kama viwavi wa shambani wanavyotembea, kwa hiyo kichwa hakiendi kwa mwendo mmoja. Ukiruka kwa kukisia unatua kwenye miiba. Hapa kuchelewa hata kwa picha tatu nne kunaonekana, na ndiyo sababu kiwavi anafaa kuwa mtihani wa pili baada ya nyigu: nyigu anakuambia kama stiki inachezeka, kiwavi anakuambia kama inachezeka vizuri.

Kuna jambo moja ambalo halipaswi kuhesabiwa kosa la stiki. Ukiumia ukiwa na pete nyingi, pete zinatawanyika, hadi 32 kwa wakati mmoja, na gemu inakuwa nzito kwa muda. Mega Drive yenyewe ilikuwa inafanya hivyo. Wanunuzi wengi hukataa kifaa kwa sababu hiyo bila haki.

Kosa la kweli ni mwendo wa jumla kuwa wa pole. Mega Drive za Ulaya zilichora picha 50 kwa sekunde badala ya 60, na Sonic ya kwanza haikurekebishwa kwa ajili ya hilo, ikawa pole kwa asilimia 17 hivi, muziki wake pia. Stiki iliyopangwa kwa mtindo wa Ulaya inarudisha ugonjwa huo. Nyigu watakuwa rahisi, utafurahi, lakini hiyo siyo gemu kamili. Fungua Sonic 1 ya Sega kwenye simu, sikiliza muziki wa Green Hill, linganisha na wa kwenye runinga. Kama wa stiki unajivuta, tafuta mpangilio wa eneo la dunia (Region) kwenye menyu ya stiki; usipokuwepo, chukua stiki nyingine.

Ukitaka mtihani wa mwisho, nenda Sonic 2 ya mwaka 1992. Ndani yake kuna kimulimuli wa Mystic Cave, asiyepigika wakati anawaka, lakini mtihani hasa ni Slicer wa Metropolis, ambaye ni vunjajungu wa chuma. Hurusha mikono yake miwili yenye makali, nayo inakufuata hewani kabla ya kudondoka. Metropolis ina hatua tatu, na Slicer anapenda kukaa juu ya ngazi nyembamba usikoweza kumzunguka. Kumkuta haraka, ingia kwenye kipimo cha sauti (Sound Test) katika menyu ya Options ya Sonic 2, piga 19, 65, 09, 17 kwa mpangilio huo, rudi skrini ya jina, shikilia A ubonyeze Start. Mkaribie kwa mwendo, mpige kabla hajarusha. Ukishindwa kwa Slicer usiihukumu stiki, huyu anawashinda wengi hata kwenye kifaa cha asili. Kinachoangaliwa kwake ni kama gemu inaganda pale makali mawili, milio na mwendo vinapokutana kwa pamoja.

Mambo ya umeme yanaua stiki nyingi kuliko adui yeyote. Tundu la USB la runinga za zamani hutoa umeme mdogo, na dalili yake ni stiki kujizima na kujiwasha katikati ya gemu au pedi kupotea. Tumia chaja ya simu ya volti 5 na ampea 1 au zaidi. Umeme ukikatika ghafla wakati gemu inahifadhiwa, memori kadi inaweza kuharibika na gemu zote kupotea, kwa hiyo siku ya kwanza kabisa mpelekee fundi mwenye kompyuta akunakilie kadi nzima kwenye kadi nyingine ya kampuni inayoaminika. Kadi inayokuja na boksi ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote.

Mwenye TV ya chogo ajue stiki haichomekeki moja kwa moja. Kuna kigeuzi cha HDMI kwenda waya wa rangi tatu, nacho pia kinataka umeme wake. Picha inapoteza ukali kidogo. Ila chogo lenyewe halichelewi kama flati, na nyigu anapigika vizuri.

Kuhusu uhalali, gemu zilizomo kwenye stiki hizi zimenakiliwa bila idhini ya Sega. Anayetaka njia safi apakue Sonic 1 na 2 za Sega kwenye Android. Ni za bure zenye matangazo, skrini yake ni pana zaidi kwa hiyo Motobug anaonekana mapema, na Sonic ya kwanza ya huko imeongezewa mbinu ya kujizungusha papo kwa papo kabla ya kuchomoka, ambayo mwaka 1991 haikuwepo. Upungufu wake ni vidole kuziba skrini. Pedi ya waya ya USB pamoja na kiunganishi cha OTG, kile cha kuchomekea USB kwenye simu, inatatua hilo kwa simu zinazokubali. Kwa mchezaji mmoja, njia hii ni bora kuliko stiki. Stiki inashinda pale watoto wanne wanapotaka runinga moja na pedi mbili za kupokezana.

Kwa nini upime dukani hapa Mtwara na usiagize Kariakoo, Dar es Salaam, kwa bei ya chini? Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Pedi ikiwa mbovu, nauli ya mzigo kwenda na kurudi pamoja na siku za kusubiri basi zinameza punguzo lote. Tofauti ya bei ya dukani ndiyo malipo ya kumjaribu nyigu kwa mkono wako mwenyewe.

Ukishanunua, kama unakaa Shangani, Mikindani au kokote upepo wa bahari unakofika, toa betri kwenye pedi kila zikikaa siku kadhaa bila kuchezwa. Chumvi na unyevu hufanya springi za betri kuota kutu ya kijani, na pedi huanza kukatika kidogo kidogo, dalili ile ile ya mdundo mfupi juu ya nyigu. Ikishatokea, pamba yenye spiriti na kusugua taratibu kwa karatasi ya msasa laini huirudisha. Subiri ikauke kabisa kabla ya kurudisha betri.