Testosteroni: kipimo cha kingamwili au LC-MS/MS?
Kwa mwanaume mzima anayeshukiwa kuwa na upungufu wa homoni hii, kipimo cha kingamwili, yaani kinachotumia kingamwili kuinasa homoni kwenye damu, mara nyingi kinatosha: ni nafuu na majibu hutoka haraka. Udhaifu wake uko kwenye viwango vya chini. Kwa mwanamke mwenye nanogramu 30 kwa desilita, kingamwili hunasa pia homoni zinazofanana nayo, kama DHEAS, na namba hupanda bure. Vidonge vya biotini, vile vya nywele, navyo huipandisha kwenye baadhi ya mashine.

LC-MS/MS ni mbinu ya mashine inayotenganisha molekuli kisha kuzitambua kwa uzito. Inawafaa wanawake na watoto, ila ni ghali, inataka mtaalamu mzoefu, na sampuli huenda ikasafirishwa mbali.

Kwa vyovyote, damu itolewe kabla ya saa 4 asubuhi, hujala. Ya jioni husoma chini hata kwenye mashine ghali.