Kanda za mama zimepona, ila jiandae kusubiri

Fundi mwenyewe, anayehamishia kanda za zamani za video kwenye flashi, yuko Kariakoo, ghorofa ya pili, ngazi nyembamba zenye giza. Nilimpelekea kanda sita za VHS. Mama alirekodi humo michezo ya kuigiza ya kundi la Kaole ilipokuwa ikirushwa ITV, enzi ambazo sebule yetu ya Magomeni ilijaa watoto wa mtaa mzima, wengine wakichungulia dirishani.

Kanda mbili zilikuwa na ukungu mweupe. Hakukimbilia kuzitia kwenye deki. Alifungua kasha kwa bisibisi, akafuta utepe taratibu kwa kitambaa, akaniambia, “Dada, ukiicheza hivi hivi unachafua kichwa cha deki, na kanda ya mwenzio nayo inaumia.” Hapo nikamwamini.

Bei ni shilingi 10,000 kwa kanda, flashi unaleta yako. Aliahidi Jumatano, nikazipata Jumatatu ya pili yake, baada ya kupiga simu mpaka nikaona haya mimi.

Picha zina chenga na rangi zimepauka, lakini marehemu Kanumba, mwigizaji, yule pale, kijana kabisa, kabla filamu hazijampa jina. Mama alicheka, akanyamaza kidogo. Matangazo ya katikati fundi hakuyakata (asante sana), na ndiyo yaliyomkosha mama: “Sabuni hiyo ndiyo niliyokufulia sare!”

Nyota nne. Hesabu kanda zako kabla hujashuka ngazi. Yangu moja ilibaki chini ya meza yake.