Uzoefu wangu na EnergyPlus: makadirio yangu mbele ya mita

Nimeitumia EnergyPlus kwa miaka mitatu kuiga matumizi ya nishati ya majengo, lakini mwaka huu ndipo nilipopata nafasi ya kuyalinganisha makadirio yangu na usomaji wa mita, katika jengo la ofisi nililolikokotolea hesabu kabla halijajengwa. Kila mwezi, bila kukosa hata mmoja, mita ilisoma zaidi ya makadirio yangu.

Programu hii, iliyotolewa na Wizara ya Nishati ya Marekani mwaka 2001, haina malipo na msimbo wake uko wazi. Hukokotoa hali ya jengo kwa saa zote 8,760 za mwaka. Sura yake haivutii, kwani data huingizwa kwa faili la maandishi, na koma moja ikikosekana hesabu nzima husimama. Hilo mtu hulizoea.

Nilianza kwa kulishuku faili la hali ya hewa. Faili la kawaida huwa ni mwaka uliounganishwa kutokana na miezi ya miaka mbalimbali, ilhali bili ni za mwaka mmoja halisi. Nilipoweka data ya mwaka wenyewe, pengo lilipungua kidogo tu. Ndipo nikaifungua grafu ya saa kwa saa, nikaona kwamba saa nane usiku modeli yangu ilikuwa karibu na sifuri, huku mita ikionyesha mzigo usioshuka hadi alfajiri: kompyuta, seva, taa za ngazi, na kiyoyozi cha chumba cha mikutano ambacho hakuna aliyekizima. Programu haikukosea; ratiba ya matumizi ya jengo niliyoipa ilieleza wafanyakazi waadilifu ambao, nakiri, niliwabuni mwenyewe.

Baada ya kusahihisha ratiba, matokeo ya kila mwezi yaliingia ndani ya mipaka ya Mwongozo wa 14 wa ASHRAE, chama cha wahandisi wa viyoyozi na upashaji joto cha Marekani, yaani asilimia 5 kwa upotofu wa wastani na asilimia 15 kwa mtawanyiko wa makosa. Kipimo cha kwanza pekee hakinitoshi, kwa sababu mwezi uliozidi hufuta kosa la mwezi uliopungua.

Kwa data ya kila saa bado sijafaulu. Jumatatu asubuhi viyoyozi hufanya kazi kubwa kuliko modeli inavyosema, nami nashuku uvujaji wa hewa, ambao kiwango chake nilikichukua kwenye jedwali bila kukipima. Nimeomba jengo lipimwe uvujaji huo kwa feni inayofungwa mlangoni kabla sijagusa kitu kingine.